Moshi Utoke Katika Nyumba ya Mtoto Aliyezaliwa Mbele ya Wakati

Wababa na wamama wa Kolwezi, nataka kusema nanyi habari ya pumzi ya mtoto mdogo. Nimekuwa mwuguzi miaka mingi, na kosa nitakalolitaja kwanza ni langu mwenyewe.

Mama mmoja alizaa katika mwezi wa saba. Mtoto alikuwa mdogo sana. Tulimlisha maziwa ya mama yake tone kwa tone, na mama akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Uzito wake ulipoongezeka, tuliwaruhusu kwenda nyumbani. Tuliomba pamoja, nami nikamwambia, “Mama, mtoto wako amepona.” Sikumwuliza anapikia wapi. Sikumwuliza baba anafanya kazi gani. Mtoto alipokuwa na miaka miwili, aliletwa kwetu usiku, kifua kikilia kama filimbi, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi. Akarudi tena, na tena. Mara ya tatu mama alilia, akasema kwamba jamaa ya mume wanatafuta mlozi, na ya kuwa wengine wanamtazama yeye.

Basi, neno langu ni hili: siku ya kutoka hospitalini si mwisho wa vita ya mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati. Mapafu yake yanahitaji kulindwa miaka mingi. Na adui aliye karibu naye si mlozi. Ni moshi.

Tufahamu kwanza sababu. Mimba inatimia kwa majuma 40 hivi. Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, tunasema amezaliwa mbele ya wakati. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kwamba katika mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo si jambo la ajabu, wala si la aibu. Lakini mapafu ni kati ya viungo vinavyochelewa kukomaa. Vifuko vidogo vya hewa vinaongezeka sana katika miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto akitangulia kutoka, vifuko ni vichache na njia za hewa ni nyembamba. Oksijeni na mashine ya kupumua zinaokoa maisha, usizikatae. Walakini mtoto mdogo sana aliyezihitaji siku nyingi anaweza kubaki na mapafu yenye makovu.

Mwaka 2014 wataalamu walikusanya hesabu za watoto kama milioni moja na nusu kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba waliozaliwa mbele ya wakati walipatwa na pumu, ambayo wengi huku wanaiita asma, au kifua cha kulia, karibu mara moja na nusu kuliko watoto wengine. Kwa waliozaliwa kabla ya majuma 32, ilikuwa karibu mara tatu. Lakini angalia: hatari si hukumu. Wengi wao wanakua vizuri na kukimbia na wenzao.

Je, ni nini kinachozidisha hatari? Pumu ya baba au mama inaweza kumfuata mtoto; hilo hatuwezi kulibadilisha. Magonjwa ya kifua katika miezi ya kwanza yanaumiza mapafu machanga. Tumbako inadhuru, hata ile anayoivuta baba karibu na mama mwenye mimba. Na moshi wa makaa unachoma njia za hewa kila siku.

Hapo ndipo nyumba zetu zinahusika. Kolwezi iko juu, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Umeme unatoka Nzilo na Nseke, si mbali nasi, lakini nyumba nyingi bado zinapika bukari juu ya mbabula. Baridi ikizidi, mbabula inaingizwa ndani, mlango unafungwa, na mtoto analazwa karibu nayo apate joto. Tunadhani tunampenda. Kumbe tunamnyima hewa. Tena, sumu ya makaa isiyo na harufu inaweza kuua nyumba nzima usingizini.

Wengine watanijibu: “Mwuguzi, moshi wetu ni kitu kidogo. Tazama vumbi la migodi!” Mnasema kweli juu ya vumbi. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyaona katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba. Kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo ya wakaaji, hasa ya watoto. Hilo peke yake halionyeshi kwamba kobalti inaleta pumu, lakini linaonyesha kwamba vumbi la mgodi linaingia katika mwili wa mtoto. Kwa hiyo wazee wa kanisa wasinyamaze. Waende kwa wakuu wa mji na makampuni, waombe barabara zimwagiwe maji na malori yafunikwe. Lakini barabara itakapongojewa, mbabula isingojewe. Hiyo iko mikononi mwetu leo.

Wewe baba, jambo hili si la mama peke yake. Ukitoka mgodini, vua nguo za kazi nje, oga, ndipo umchukue mtoto. Usivute sigara nyumbani, hata dirishani. Jenga kibanda kidogo cha kupikia nje, chenye paa kwa siku za mvua.

Wewe mama, mpe mtoto maziwa yako peke yake mpaka miezi sita. Usikose siku ya chanjo. Usiku wa baridi mfunge kifuani pako kama ulivyofundishwa. Joto la mwili wako halina moshi. Mwenye kikohozi asimbusu. Mtu akikushauri kumfukizia mtoto moshi wa majani ili kifua kifunguke, kataa kwa upole. Na mimba ikija tena, fika kupimwa mapema, useme kwamba uliwahi kuzaa mbele ya wakati. Lala ndani ya chandarua, meza dawa za kuzuia malaria utakazopewa, kwa maana malaria ni moja ya mambo yanayomtoa mtoto kabla ya siku zake.

Kifua kikilia mara kwa mara, usingoje. Munganga akiona ni pumu, ziko dawa za kuvuta: moja ya kufungua njia za hewa wakati wa shida, nyingine ya kutuliza uvimbe kila siku. Dawa hizi hazimfanyi mtoto mtumwa wake. Chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri, inamsaidia mtoto kuivuta dawa. Omba mwuguzi akuonyeshe. Lakini mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi, au mtoto asipoweza kunyonya au kusema, kimbia hospitalini usiku huo huo.

Neno la mwisho ni kwa jamaa na washiriki wa kanisa. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakumlaumu hata mmoja wao, bali alimsaidia mgonjwa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Anayetafuta mlozi hutafuta mwaka mzima, na mwaka mzima mtoto anakaa katika moshi.

Mama yule niliyemtaja, mwishowe nilikwenda nyumbani kwake. Baba alipoelewa, aliitoa mbabula kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto bado ana pumu, na dawa yake iko juu ya kabati. Lakini usiku analala, na mama yake anakaa kwake kwa amani. Tangu siku ile, simruhusu mama wa mtoto kama huyo kwenda nyumbani kabla ya kumwuliza: “Mama, unapikia wapi?” Leo nakuuliza wewe.