Mkasi, karatasi na picha ya bibi

Bibi akifariki, wengi wetu humwambia mtoto "amesafiri" au "amelala". Mtoto mdogo huyachukua maneno kama yalivyo: atamsubiri arudi, au ataanza kuogopa usingizi.

Meksiko watoto hushiriki kuandaa Siku ya Wafu. Tarehe 1 Novemba hukumbukwa watoto waliokufa, tarehe 2 watu wazima. Familia hupanga meza yenye picha za marehemu, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa na chakula walichokipenda. (Si Halloween, ingawa tarehe zinakaribiana.)

Kama imani yako hairuhusu meza hiyo, usiiweke. Tengenezeni mapambo yake tu, papel picado. Kunja karatasi nyepesi ya rangi mara tatu, mpe mwanao mkasi butu akate matundu kwenye mikunjo, kisha aifungue na kuitundika kwenye uzi. Mafuvu mwachie mtoto asiye mwoga.

Akiwa anakata, mweleze Wameksiko wanamkumbuka nani, kisha mwulize bibi alipenda kula nini. Maswali yatakuja hapo, mikono ikiwa na kazi. Akiuliza bibi yuko wapi, sema "amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi." Ukitokwa machozi, usijifiche jikoni.