Wasee wa Kisii na Nyamira, tupande jukwaani

Wasee, tuache kupiga makofi tu. Kila kongamano la waandishi wa programu tunapanda matatu ya usiku hadi Nairobi, tunakaa nyuma, tunarudi na stika. Nani alisema mzungumzaji lazima awe gwiji? Novemba 2023 watu wa Django walikutana Zanzibar kwa DjangoCon Africa, na kulikuwa na msaada wa nauli.

Wewe ushaunganisha duka la jumla pale Daraja Mbili na M-Pesa. Programu yako ikarekodi malipo yaleyale mara mbili, ukakesha ukirekebisha. Hiyo stori ndiyo watu wanataka! Andika aya moja, tuma. Wakikukataa, tuma tena. Na ukirudi, isimulie hapa nyumbani pia, wadogo zetu wa Nyamira wasikie.