Mutoto anayekimbia naye apimwe

Siye watu wa migodi tunajua: mbele ya kuanza kazi, munganga anakupima. Anasikiliza moyo, anapima tansio. Bila karatasi yake, hakuna kazi. Lakini mutoto wetu anayecheza mupira kwa jina la masomo yake, nani anamupima?

Tukumbuke Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, kule Lyon, alianguka katikati ya kiwanja, akakufa na miaka 28. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa.

Tunaomba hivi: kila mwaka, mbele ya masomo kufunguliwa mu Septemba, kuwe siku moja ya kupima watoto bure. Munganga asikilize moyo, aangalie magoti, aulize kama mu jamaa kuna mutu alikufa gafula. Mwenye ugonjwa atunzwe mapema, asifukuzwe tu kwenye kiwanja.

Feza iko. Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni zitoe 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa karibu. Wazazi, kwenye mikutano ya kupanga ile feza, tusiombe barabara na visima tu. Tuombe na hii.