Mnyama Mgonjwa Hatibiwi kwa Kubahatisha

Hapana shaka kwamba ufugaji katika visiwa vyetu si kazi tena ya wale tu waliourithi kwa wazee wao. Kijana aliyepata mkopo wa kikundi akanunua mbuzi watatu, mama wa mjini aliyemwokota paka jaani, mstaafu aliyeanza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake: wote hawa leo ni wafugaji. Ni jambo la kheri na linalostahili kutiwa moyo. Lakini ufugaji una siku yake ya mtihani, nayo ni siku mnyama anapougua. Siku hiyo mfugaji mgeni hutoka mbio, akamwendea wa kwanza anayemdhania kuwa anajua, akauliza: nifanye nini? Makala haya yanahusu jawabu tunalompa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa barazani watu sita au saba tukinywa kahawa. Akaja mtoto wa jirani, umri wake kama miaka 12, amembeba paka wake dume ndani ya kikapu. "Shikamooni," akasema. "Ami, paka wangu tangu asubuhi anachutama anajikamua, hapati kitu, na sasa analia." Kila mmoja wetu alikuwa na lake. Mmoja alisema amekwamwa na mwiba wa samaki. Wa pili alisema amekula sumu ya panya, anyweshwe maziwa. Wa tatu alimkemea mtoto kwa kumfungia paka ndani. Mimi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mikutanoni, nikakata shauri: huyo amefunga choo, mpe mafuta ya nazi, kesho atakuwa mzima. Mtoto akashukuru, akaenda zake. Paka alikufa kabla ya siku ya tatu.

Baadaye nilimsimulia bwana mifugo mmoja kisa hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mlimwuliza kama paka alikuwa anakojoa?" Hatukumwuliza. Akanieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na huweza kuzibwa na vijiwe vidogo mfano wa mchanga au na ute mzito. Mkojo ukishindwa kutoka, kibofu hujaa, figo husimama kufanya kazi, sumu hupanda katika damu, na mnyama hufa kwa muda wa siku mbili au tatu. Mtu asiyejua humwona anachutama akadhani ni choo. Lakini daktari akimwahi, humpitishia mrija mwembamba, mkojo ukatoka, na mara nyingi mnyama hupona. Kwa hiyo usiku ule tulikuwa na nafasi ya kuokoa, nasi tuliitumia kwa kubishana. Mtoto yule hadi leo hunisalimu kwa heshima, na heshima ile ndiyo inayonisumbua.

Yafaa ieleweke kwamba sisi wa barazani hatukuwa watu wabaya. Ukarimu wetu ndio uliotuponza. Katika mila zetu mtu akikujia na shida, kumjibu "sijui" huonekana kama kumfungia mlango. Tena wazee wetu walijua mengi kuhusu ng'ombe na mbuzi, na elimu yao si ya kubezwa. Lakini wahenga hao hao ndio waliosema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtu mmoja aliyetaharuki akipewa majawabu saba yanayopingana, hachagui lililo sahihi. Huchagua lililo jepesi, au lililotamkwa kwa sauti kubwa.

Sasa basi tufanyeje? La kwanza, baraza iwe na msemaji mmoja. Mwenye shida akifika, mmoja wetu amsikilize na wengine tunyamaze mpaka aitwe atakayehitajiwa. La pili, tuulize kabla ya kujibu. Maswali si mengi: ni mnyama gani, dume au jike, na ana umri gani, dalili zilianza lini, anakula, anakunywa, anakojoa, anakwenda haja, amekula nini au amepewa dawa gani, na je, kuna mnyama mwingine aliyeugua, au mtu aliyeumwa naye? Maswali haya hayahitaji shahada. Mtoto wa skuli aweza kuyaandika katika karatasi, na karatasi hiyo ikimfikia daktari kabla ya mnyama, kazi imekwisha kuanza.

La tatu, tuzijue dalili zisizongoja asubuhi. Paka dume anayejikamua asikojoe ni mojawapo. Paka anayehema kinywa wazi ni nyingine. Mbuzi au ng'ombe aliyevimba ubavu wa kushoto, akaacha kucheua na kuhema kwa shida, amejaa hewa tumboni, na hewa hiyo huyabana mapafu hata akafa kwa saa chache. Punda anayelala na kujigaragaza huku akigeuka kutazama tumbo lake, ana msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Mnyama yeyote ambaye fizi zake zimegeuka nyeupe, au aliyeshindwa kuzaa baada ya kusukuma kwa muda mrefu, hana muda wa kusubiri mjadala. Kwa hao jawabu letu liwe moja tu: daktari wa mifugo, sasa hivi.

La nne, na hapa ndipo madhara makubwa yanapotokea, tusigawe dawa. Kidonge cha parasetamoli, ambacho sisi hukimeza tukiumwa kichwa, huua paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Kidonge kimoja chatosha. Mbuzi aliyelazwa chini akanyweshwa mafuta kwa nguvu, mara nyingi mafuta hayo huingia mapafuni, na ugonjwa mmoja ukawa miwili. Mabaki ya wali wa arusi, ambayo mfugaji mgeni huyamimina zizini kwa nia njema, hugeuka asidi tumboni mwa mbuzi na kumwangusha. Kadhalika sindano za dawa za kuua vijidudu, zinapochomwa bila kipimo kwa ng'ombe wa maziwa, mabaki yake humfikia mnywaji wa maziwa hayo, ambaye huenda akawa mtoto mchanga wa jirani.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya paka na mbuzi, na taifa lina mazito zaidi. Kwa hao natoa mfano wa kichaa cha mbwa. Kisiwani Pemba, kampeni za kila mwaka za kuchanja mbwa zilifanikiwa kuukata ugonjwa huo mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2016 uliingia tena kutoka Bara, na haukukatika hadi mwaka 2018, baada ya chanjo kurejeshwa kisiwa kizima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Sasa tumwazie mfugaji mgeni anayekuja na kusema: "Mbwa wangu amebadilika, hali, anatoka mate, na jana alimng'ata mwanangu kidogo." Akijibiwa kwamba amekwamwa na mfupa, amtie mkono kinywani autoe, jawabu hilo laweza kuua watu wawili. Anayepaswa kuambiwa ni hili: kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, mbwa asiguswe, na bwana mifugo na sheha wapewe habari. Hapo swali la mnyama limekwisha kuwa swali la umma.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo lina haki. Bwana mifugo yuko mbali, usiku hapatikani, na akipatikana, mwananchi hana nauli. Sitalikanusha. Kada anayewahimiza wananchi wamwone daktari, bila kuuliza daktari yuko wapi, amefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo nawaelekea ndugu zangu viongozi wa Serikali. Katika kila ofisi ya sheha pabandikwe jina na namba ya simu ya afisa mifugo wa eneo, pamoja na ya yule anayeshika zamu usiku. Zamu hiyo iwepo kweli, isiwe ya karatasini, na mwenye zamu awe na pikipiki yenye mafuta. Haya hayahitaji jengo jipya wala mgeni wa kukata utepe. Yanahitaji orodha, ratiba, na mkubwa atakayepiga simu hizo siku moja usiku ili aone kama zinajibiwa.

Tusiseme kwamba haliwezekani. Katika mwaka 1994 hadi 1997 kisiwa cha Unguja kiliondolewa mbung'o, wadudu waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe wetu ugonjwa wa nagana. Serikali, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ilirusha kutoka angani mamilioni ya mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, mpaka kizazi chao kikakatika. Ushindi ule ulitokana na elimu, mpango, na uvumilivu wa miaka. Visiwa vilivyoweza kazi ya namna ile haviwezi kushindwa kubandika namba ya simu ukutani.

Neno langu la mwisho linahusu namna ya kumpokea mgeni. Tuna tabia, sisi wakongwe, ya kuanza na lawama: kwa nini ulifuga usichokijua, kwa nini hukuchanja, kwa nini umengoja hata leo? Huenda lawama hizo zikawa za kweli, lakini zina wakati wake. Mtu aliyekemewa leo hatarudi kesho. Atakaa kimya na mnyama wake mpaka afe, na kama ni ugonjwa wa kuambukiza, utaenea kijiji kizima kabla hatujausikia. Kwanza mnyama ashughulikiwe. Akishapona au akishakufa, tumwite mwenyewe, tumfundishe kwa upole, na kisa chake tukisimulie barazani bila ya kumtaja jina, ili wengine wapate kujifunza.

Chuoni tulifundishwa kwamba asiyejua awaulize wenye kujua. Tulifundishwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia hata akafa kwa njaa. Skuli tulifundishwa kwamba elimu ni ya kutumiwa kwa faida ya wote. Mafunzo yote hayo yanamwelekea anayeuliza na anayeulizwa pia. Anayeuliza ana wajibu wa kuwahi. Anayeulizwa ana wajibu wa kusema, pale asipojua: "Sijui, lakini twende kwa anayejua, nitakusindikiza."

Usiku ule barazani ningelisema maneno hayo, nikaacha kikombe changu cha kahawa, nikamshika mkono mtoto yule, huenda ningerejea nyumbani nimechelewa, basi. Nawaomba wenzangu wa mabaraza yote, Unguja na Pemba, wasifanye kama nilivyofanya. Na nawaomba viongozi wahakikishe kwamba, tukimshika mkono mtoto kama huyo usiku, tuna mlango wa kumpeleka.