Ujuzi wa mawe haukui kwa kufichwa

Wapo watu waliozoea kufikiri kwamba jiwe la thamani lina wenyewe wawili tu duniani: mchimbaji anayelitafuta na tajiri anayelinunua. Fikra hiyo ina upungufu. Kati ya shimo na pete yuko mtu wa tatu, naye ni mkata mawe. Huyo hulipokea jiwe likiwa na sura ya kokoto ya barabarani na kulitoa likimeremeta. Tena, miongoni mwa wakata mawe liko kundi ambalo halizungumzwi sana katika Tanzania, ingawa mawe ya Tanzania yamo mikononi mwake. Kundi hilo ni la wakata mawe wa ridhaa, yaani watu wanaokata na kung'arisha mawe baada ya saa za kazi, si kwa mshahara, bali kwa kuipenda kazi yenyewe.

Watu wa namna hiyo ni wengi huko Marekani, Uingereza na Australia. Miongoni mwao wamo walimu, makarani, mafundi, wauguzi na wastaafu. Huunda vyama vidogo vya miji yao, hulipa ada ndogo, hununua mashine kwa ushirika na kukutana jioni au mwisho wa juma. Jambo linalostahili kuangaliwa na walimu na watumishi wa umma wa Tanzania si mashine zao, bali desturi yao: anayejua humfundisha asiyejua, bila malipo na bila kumficha.

SHULENI

Mfano mmoja unatosha kuonyesha nguvu ya desturi hiyo. Mwaka 1946, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani, wapenda mawe waliunda chama chao cha vito na madini. Hawakuwa kampuni wala wenye migodi. Mwaka uliofuata, 1947, vyama vya namna hiyo vya Marekani viliunda shirikisho lao, na mwaka huohuo jarida la wakata mawe, Lapidary Journal, likaanza kutolewa. Mbinu iliyogunduliwa katika banda la mtu mmoja sasa iliweza kusomwa na mwenzake aliye mbali.

Mwaka 1955 chama cha Tucson kiliandaa maonyesho yake ya kwanza. Hayakufanyika katika hoteli kubwa wala katika jumba la biashara. Yalifanyika katika shule ya msingi. Wanachama walipanga mawe yao, wakazi wa mji wakaja kutazama, na walioguswa wakaanza kujifunza. Mwaka hata mwaka maonyesho yakapanuka, hata mwaka 1972 yakahamia katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji. Siku hizi, kila ifikapo mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, wafanyabiashara wa vito kutoka kila bara humiminika Tucson, na mahoteli na mahema ya mji hugeuka kuwa soko la mawe. Mji huo umekuwa moja ya masoko makubwa kabisa ya vito duniani.

Tanzania inaujua mji huo vizuri. Tanzaniti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na mwaka 1968 ikapewa jina hilo na kampuni ya Tiffany ya New York. Miaka mingi baadaye, Februari 2002, wajumbe wa Tanzania na wafanyabiashara wa Marekani walikutana Tucson hiyohiyo kuafikiana juu ya taratibu za kuhakiki njia inayopitiwa na tanzaniti kutoka mgodini hadi dukani. Basi jambo lililoanzishwa na watu wa ridhaa katika madarasa ya watoto lilikuja kuwa baraza ambamo hatima ya jiwe la Tanzania ilijadiliwa.

KAZI YENYEWE

Mtu atauliza: kwa nini ukataji wa mawe ulete urafiki namna hiyo? Jibu limo katika kazi yenyewe. Jiwe halisamehi. Ubao ukikatwa vibaya huungwa, kitambaa hushonwa upya, lakini jiwe lililonolewa kupita kiasi halirudi. Kwa hiyo anayeanza humhitaji sana aliyetangulia, na aliyetangulia anakumbuka vizuri mawe aliyoyaharibu yeye mwenyewe.

Hatua za kazi ni rahisi kuzieleza. Jiwe hupasuliwa vibamba kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi, huku maji yakilimwagikia. Umbo huchorwa juu ya kibamba, kisha likanolewa kwenye gurudumu. Jiwe hugandishwa kwa nta kwenye kijiti ili vidole viweze kulishika. Hupitishwa kwenye chenga kubwa, kisha za wastani, kisha laini, na mwisho husuguliwa kwa unga wa kung'arishia. Asiye na gurudumu huweza kuanza na pipa dogo linalozungushwa na mota, ambamo kokoto, chenga na maji husagana usiku na mchana kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi mzima! Haraka haraka haina baraka, nako huko methali hiyo haina mjadala.

Lakini baina ya hatua na hatua zimo siri nyingi. Ichukuliwe mathalani lile jiwe la Longido, la kijani lenye madoa mekundu. Kijani chake ni zoisaiti, jamii moja na tanzaniti. Wekundu wake ni yakuti. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, ambacho almasi hupewa 10, yakuti ina 9, ilhali zoisaiti iko kati ya 6 na 7. Anayeanza akilisugua juu ya kitu laini, sehemu ya kijani huliwa upesi na yakuti hubaki imetokeza kama vipele. Mwenye uzoefu humwambia atumie chenga za almasi juu ya kitu kigumu, ili sehemu zote mbili ziliwe sawasawa. Neno moja la rafiki huokoa kazi ya siku nzima.

Ndivyo ilivyo pia kwa tanzaniti. Jiwe lililokwisha kuchomwa huonekana la buluu likitazamwa upande mmoja, na la zambarau likitazamwa upande mwingine. Mkataji anayetaka buluu aghalabu hulazimika kupoteza uzito zaidi. Fauka ya hayo, jiwe hilo hupasuka kirahisi kwa mwelekeo mmoja. Mambo hayo hujadiliwa katika vyama vya ridhaa vya nchi za mbali na watu ambao hawajapata kuiona Mererani. Nako Longido, je, ni watoto wangapi wanaolipita jiwe la kijani njiani wakiwa wamekwisha kuonyeshwa shuleni kwamba ndani yake mna yakuti?

SIRI

Haikuwa hivyo daima wala mahali pote. Huko Ujerumani, katika mji wa Idar-Oberstein, watu walikata akiki kwa karne nyingi. Mkataji alilala kifudifudi mbele ya jiwe kubwa la kunolea lililozungushwa na nguvu ya maji ya mto, akalisukumia kito kwa mikono yake. Ujuzi ulirithishwa baba kwa mwana, na utaratibu huo ulizaa mafundi hodari. Lakini ulikuwa ujuzi wa mji mmoja na koo zake. Asiyezaliwa humo alibaki kuwa mtazamaji.

Ni dhahiri kwamba mtu anayekula kwa ujuzi wake ana sababu ya kuuchunga. Hakuna haja ya kumlaumu. Lakini nchi nzima haiwezi kuujenga uchumi wa vito juu ya ujuzi wa watu wachache wanaochungana. Tanzania imechukua hatua za kulinda mali yake. Ukuta wa Mererani, wenye urefu wa kilomita 24.5, ulizinduliwa mwaka 2018 ili kukomesha utoroshaji. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo ukuta huzuia jiwe lisitoroke. Haumfundishi mtu kulikata. Kiasi kikubwa cha tanzaniti ya dunia kimekuwa kikikatwa Jaipur, nchini India, kwa sababu huko mikono inayojua ni mingi. Kituo cha Jemolojia cha Arusha kinafundisha vijana kazi hiyo, na kinastahili kuungwa mkono. Lakini chuo kimoja hakiwezi kufanya kazi ya jamii nzima. Mpira wa miguu haukuenea Tanzania kwa sababu ya chuo. Ulienea kwa sababu kila kijiji kilikuwa na uwanja na kila mtoto aliweza kuingia.

PINGAMIZI

Yapo mapingamizi ya haki, na hayafai kupuuzwa. La kwanza ni sheria. Madini hayaokotwi na kuuzwa ovyo. Sheria ya nchi inataka vibali. Chama cha wakata mawe cha shule au cha wafanyakazi hakina budi kushauriana na ofisi ya madini kabla ya kuokota lolote, na kuanza na mawe ya thamani ndogo yanayoruhusiwa, kama kwatzi na akiki. Wapenda mawe wa Marekani nao wana miiko yao: kutoingia shamba la mtu bila ruhusa, kufukia mashimo yanayoweza kudhuru mifugo, na kutochukua zaidi ya mahitaji.

La pili ni afya. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu, wala mapafu yaliyoharibika hivyo hayaponi. Kwa hiyo maji lazima yamwagike wakati wote wa kukata na kunoa, na mtoto asiachwe peke yake kwenye mashine. Anayefundisha kukata mawe bila kufundisha hatari ya vumbi hafundishi, anadhuru.

La tatu ni fedha. Mashine ni ghali, na mwalimu hana ziada. Ndiyo maana ushirika unahitajika. Gurudumu moja likitumiwa na watu ishirini kwa zamu si ghali tena. Pipa la kusagia kokoto laweza kutengenezwa na fundi wa mtaani kwa mota kuukuu, mradi mambo ya umeme yasimamiwe na anayeyajua.

Wala isidhaniwe kwamba ridhaa pekee itamlisha mtu. Chama cha jioni si kiwanda. Lakini ndicho kitalu. Humo kijana hugundua kama jicho lake na mkono wake vinafaa kwa kazi hiyo. Humo mtumishi anayekaribia kustaafu hupata ufundi wa kumshughulisha. Na humo mzazi wa mchimbaji hujifunza kulitambua jiwe kabla dalali hajamwambia kwamba halina thamani. Hilo la mwisho si dogo. Asiyejua jiwe lake hupangiwa bei na anayelijua.

Chanda chema huvikwa pete, wamesema wahenga. Ardhi ya Tanzania imekwisha kutoa kito. Kilichobaki ni mikono ya kukinoa, na mikono hiyo imejaa katika madarasa ya Simanjiro, Longido, Mahenge na Tunduru. Tucson ilianza na shule ya msingi na watu waliokubali kuonyeshana walichokijua. Shule Tanzania inazo, na walimu inao. Mwalimu mmoja, meza moja na kokoto chache zinatosha kwa mwanzo, ilimradi atakayejua wa kwanza asimfiche wa pili.