Kabla ya kununua bakteria wa chupa, uliza maswali ya van Niel

Msimu unakaribia na simu zenu zimeanza kuingia. Safari hii swali kubwa si mbegu wala bei ya urea, ni hizi chupa za "bakteria wa usanisinuru". Mnaambiwa ni vijidudu vinavyotumia jua kama jani linavyotumia, vinaleta nitrojeni bure, mwagia tu ukalale. Na hela yake si ndogo.

Maoni yangu nayasema wazi. Bakteria hao wapo kweli. Lakini muuzaji asiyeweza kukueleza wanaishi wapi na wanakula nini, usimpe hela ya msimu mzima.

Hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu yupo mtu aliyewasoma karibu maisha yake yote ya kazi. Anaitwa Cornelis van Niel, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1897. Alisoma Delft, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akahamia California, kwenye kituo cha utafiti wa bahari cha Chuo Kikuu cha Stanford huko Pacific Grove. Alifanya kazi hapo mpaka akastaafu mwaka 1962. Aliowafuga ni bakteria wa rangi ya zambarau na kijani wanaotoka kwenye tope linalonuka. Wakati huo hapakuwa na soko lao wala mkulima aliyewaulizia.

Nyinyi wenye majaruba tope hilo mnalijua. Ukilikanyaga linatoa harufu ya mayai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na ikizidi inaumiza mizizi ya mpunga. Basi mahali kama hapo, penye mwanga na pasipo na hewa, ndipo bakteria hawa wanapostawi. Van Niel aliwapa mwanga, hewa ya ukaa na gesi hiyo, halafu akapima kinachoingia na kinachotoka. Walikua vizuri, ila hawakutoa oksijeni hata kidogo. Walichobakiza ni salfa.

Hapo akalinganisha na mmea. Enzi hizo wengi waliamini kwamba oksijeni inayotoka kwenye jani inatokana na hewa ya ukaa. Yeye akasema hapana: bakteria anatumia salfaidi, anabakiza salfa, mmea unatumia maji, kwa hiyo oksijeni inayobaki ni ya maji. Aliandika hoja hiyo mwaka 1931. Miaka kumi baadaye, 1941, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley walitumia maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida ili waweze kuifuatilia, na kweli oksijeni ya maji ndiyo iliyotoka. Kwa hiyo mkulima, maji siyo ya kuondoa kiu ya mmea tu. Ni malighafi ya chakula chenyewe.

Sasa turudi kwenye nitrojeni, maana ndiyo inayouza chupa. Mwaka 1949 Kamen huyo huyo na Howard Gest waligundua kwamba bakteria mmoja wa zambarau, Rhodospirillum rubrum, anaweza kuchukua nitrojeni ya hewani na kuitumia. Hapo muuzaji ana haki. Lakini kuna jambo lisilosemwa dukani: bakteria hawa wakipata amonia ya kutosha, wanasimamisha kazi hiyo. Urea ikiingia kwenye udongo inageuka amonia. Sasa ukimwaga urea leo na chupa kesho, umelipia kibarua halafu umemwambia akae kivulini.

Kwa hiyo muuzaji muulize mambo matatu. Kwanza, ni bakteria gani hasa? Jina liwepo kwenye lebo. Pili, shamba langu wataliweza? Wengi wa bakteria wa zambarau hutumia mwanga pale tu pasipo na oksijeni. Tope la jaruba sawa, lakini shamba la mahindi la mlimani, udongo mkavu unaopitisha hewa, hapo usitegemee wafanye kazi ya jua. Tatu, mmelinganisha na nini? Picha ya mpunga mzuri peke yake haisemi kitu, maana hata mvua nzuri inatoa mpunga mzuri.

Kama bado una hamu, nunua chupa ndogo ujaribu mwenyewe. Tenga vipande vitatu vinavyolingana, mbegu moja, siku moja, matunzo mamoja, na kila kipande kiwe na tuta lake ili maji yasichanganyike. Cha kwanza kipe dawa ya chupa. Cha pili kipe dawa hiyo hiyo, ila ichemshe kwanza uiache ipoe. Cha tatu kipe maji matupu. Ukichemsha, bakteria wa zambarau wanakufa lakini molasi na virutubisho vingine vinabaki. Ukiona cha kwanza na cha pili vimetoa sawa, basi ulichonunua ni molasi ya bei mbaya. Cha kwanza kikiwazidi wote, rudia msimu unaofuata kabla hujaweka shamba zima.

Wapo wanaosema utafiti wa tope lisilo na soko ni kupoteza hela. Mimi nasema bila tope la van Niel leo tusingekuwa hata na swali la kumuuliza muuzaji. Pimeni mavuno kwa mizani, kipande kwa kipande, na mniletee majibu, hata kama chupa imeshinda. Nitayaandika hapa hapa.