Mizani ya watoto wetu tuishike wenyewe

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii hunijia akilini kila nisikiapo viongozi wetu wakijivunia kuwa hali ya watoto wa Kenya imeimarika.

Hapana shaka imeimarika. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu uliofanywa mwaka wa 2022 na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) ulionyesha kuwa watoto 41 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Mwaka wa 2014 walikuwa 52, na katika utafiti wa 2008-09 walikuwa 74. Waliodumaa nao walikuwa asilimia 35 katika utafiti huo wa 2008-09, wakapungua hadi asilimia 26 mwaka wa 2014 na asilimia 18 mwaka wa 2022. Anayeyakana maendeleo haya anaukana ukweli.

Hata hivyo, swali langu ni hili: ni watoto gani hao ambao hali yao imeimarika, nao wanaishi wapi?

Yafaa ieleweke kwamba kudumaa si ufupi wa kurithi. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake unapopungukiwa mno na ule unaotarajiwa kwa umri wake, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ni alama inayoachwa mwilini na lishe duni ya muda mrefu na maradhi yasiyokoma, na aghalabu pengo lake halizibiki mtoto akishavuka miaka miwili ya kwanza. Anayedumaa leo atakaa darasani kesho akiwa tayari ameachwa nyuma na wenzake.

Sasa tazama kilichofichwa ndani ya ile asilimia 18. Huko Kilifi waliodumaa walikuwa asilimia 37, Pokot Magharibi asilimia 34, na Samburu asilimia 31. Huko Kisii walikuwa asilimia 9 tu. Hawa wote ni watoto wa nchi moja, wenye Katiba moja, ambayo kifungu chake cha 53 kinamhakikishia kila mtoto lishe, makao na huduma za afya. Iweje basi haki hiyo ipungue kadiri mtu anavyosafiri kutoka kaunti moja hadi nyingine?

Isitoshe, kipimo kimoja hakitoshi. Garissa ni miongoni mwa kaunti zilizokuwa na kiwango cha chini kabisa cha udumavu. Anayetazama takwimu hiyo pekee angeweza kudhani kwamba watoto wa huko hawana shida. Lakini utafiti huo huo ulipata kuwa ni asilimia 23 tu ya watoto wa Garissa wenye umri wa kati ya miezi 12 na 23 waliokuwa wamepata chanjo zote za msingi, ilhali Vihiga walikuwa asilimia 96. Kiongozi akichagua takwimu inayompendeza na kuiacha ile inayomshtaki, hatakosa la kujivunia.

Tena kuna watoto ambao vipimo hivi haviwafikii kamwe. Wachunguzi hupita nyumba hadi nyumba. Je, mtoto alalaye katika kibaraza cha duka, au kando ya jaa la taka, atapimwa katika nyumba ipi? Hesabu maalum ya mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 wanaorandaranda mitaani nchini, watoto kwa watu wazima. Wastani wa nchi ungeweza kupanda mwaka baada ya mwaka pasipo hali ya watoto hawa kubadilika hata chembe. Vivyo hivyo wastani wa kaunti. Takwimu moja ya Kilifi inauchanganya mji wa Malindi na vijiji vikavu vya Ganze, na ile ya Nairobi inauchanganya mtaa wa Muthaiga na ule wa Mathare.

Lipo jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tangu mwaka wa 1989 tumefanya tafiti saba za aina hii, nasi tumezifanya kwa kutegemea pakubwa fedha na utaalamu kutoka Marekani. Mwezi Februari 2025 serikali ya nchi hiyo iliukatiza mpango uliokuwa ukisaidia tafiti kama hizi katika mataifa mengi, letu likiwemo. Mtegemea cha nduguye, walisema wazee, hufa maskini. Taifa linaloazima hata mizani ya kuwapimia watoto wake litajuaje, mizani ikichukuliwa, kwamba watoto hao wanakonda?

Watakuwepo watakaoniambia kuwa mizani haimshibishi mtoto, na kwamba afadhali fedha hizo zinunuliwe unga. Nakiri kwamba hakuna mtoto aliyewahi kushiba takwimu. Lakini pasipo kupima, unga huo utapelekwa wapi? Utapelekwa penye kura nyingi, penye barabara nzuri, na penye mwanasiasa mwenye sauti kubwa. Mtoto wa kijiji kisicho na msemaji hana wakili mwingine ila hesabu iliyofanywa kwa haki.

Kwa hivyo natoa rai mbili. Kwanza, Bunge litenge fedha za utafiti huu kutoka hazina yetu wenyewe, na ziwe fedha zisizopunguzwa kila serikali inapokaza mkanda. Pili, kila kaunti iwe na jedwali la hali ya watoto wake, wadi kwa wadi: waliodumaa, waliochanjwa, waliosajiliwa walipozaliwa, na walio nje ya shule. Sheria inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti katika bunge lake kufikia Aprili 30 kila mwaka. Jedwali hilo na liwasilishwe siku hiyo hiyo, ili mwakilishi wa wadi anayepitisha fedha za magari na safari azipitishe huku idadi ya watoto waliodumaa katika wadi yake iko mezani pake.

Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba hizo, na majina ya watoto wanayajua. Kilichobaki ni wakubwa kukubali kusomewa wanachokijua wadogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa kizazi kizima kilichodumaa hakuna bajeti itakayoweza kuujenga upya.